Tangi la Jirani na Mtaro Wetu

Kama mabadiliko ya tabianchi yangekuwa yanaogopa fulana, mtaa wetu ungekuwa umeokoka zamani. Tulipewa fulana za kijani mara tatu. Ya kwanza ilikuja kamati ilipozinduliwa, ya pili ilikuja kamati ilipofundishwa kazi yake, na ya tatu sijui ilikuja kwa nini. Nadhani mshonaji alibaki na kitambaa. Mbili nilimpelekea mama huko Kanyangi, naye huzivaa akienda shambani. Ya tatu shangazi yangu anapangusia meza.

Nilikuwa katibu wa hiyo kamati. Sikugombea. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Kitui mjini kuishi na shangazi huku nikituma barua za kazi zisizojibiwa, na siku ya uchaguzi mtu aliuliza kama kuna yeyote aliyesomea mambo ya mazingira. Shangazi akanisukuma mgongoni. Watu wakapiga makofi. Nilipouliza kama hakuna mwingine anayeitaka hiyo nafasi, mzee mmoja aliyeketi nyuma alisema, "Keti, binti, usitucheleweshe. Soda zinapata joto."

Mtaa wetu uko kwenye mteremko, ukingoni mwa mji. Juu kabisa kuna kilima cha mawe kisichoshika tone la maji. Chini ya kilima kuna nyumba za matofali za watu wa kanisa, wenye ploti zao. Halafu kuna vyumba vya kupanga kama chetu, na chini zaidi, karibu na barabara, kuna maduka na nyumba za Waislamu waliokuja na biashara ya mifugo kutoka kaskazini mashariki. Tuna waalimu, vijana wa bodaboda, wauza mboga na mafundi wa viatu. Tunaloshirikiana sote ni kwamba maji ya mfereji huja yakitaka, na kwamba ile njia ya miguu inayopita katikati yetu hugeuka mto kila Novemba.

Jirani yetu wa karibu kabisa, ukuta kwa ukuta, ni mama mmoja wa hao Waislamu, ingawa yeye nyumba na duka lake viko huku juu kwetu. Anauza shuka, sukari na maziwa ya ngamia. Marehemu mume wake alikuwa akisafirisha ng'ombe, na miaka mingi kabla hajafariki alichimba tangi chini ya ardhi kwenye ua wao, kwa sababu alikotoka ndivyo watu wanavyovuka kiangazi. Limejengwa kwa mawe na saruji, limefunikwa kwa zege iliyo sawa na uso wa ardhi, na lina mlango mdogo wa chuma. Maji ya mapaa yote yaliyo karibu, likiwemo la kwetu, huingia humo kwa mabomba. Kiangazi kikishika, nyumba kumi na mbili za ploti yetu huteka humo kila asubuhi, jerikeni mbili kila nyumba, yeye mwenyewe akiwa amesimama pale na fimbo ndefu ya kupimia kina. Pasingekuwa na lile tangi, tangu Agosti tungekuwa tunasubiri mikokoteni ya punda kama mitaa mingine. Naeleza hivi kwa urefu kwa sababu yote yaliyotokea yalikuwa juu ya lile tangi, ingawa katika kumbukumbu za vikao nilizoandika kwa mkono wangu halikutajwa hata mara moja mpaka Oktoba.

Semina ilichukua siku mbili katika ukumbi wa kanisa. Mwezeshaji alitoka Nairobi na karatasi kubwa na kalamu za rangi, akatugawa kwa makundi, akatuambia tuchore mtaa tunaoutaka. Kundi letu lilichora mto wenye samaki. Nilinyoosha mkono nikauliza samaki wataletwa na nani. Mwezeshaji alisema huo ni mchango mzuri sana, kisha akaandika ukutani kwa herufi kubwa: SAMAKI.

Siku ya pili, baada ya sala ya kufungua, sala ya kuombea chakula na sala ya kushukuru kwa chakula, tulifika kwenye jambo lenyewe. Tulikubaliana kwamba adui yetu wa kwanza ni maji ya Novemba yanayoshuka kutoka kilimani. Tulikubaliana tuchimbe mtaro mrefu wa kukata maji chini ya kilima, kabla hayajafika kwenye nyumba. Niliuliza ni nani atakayechimba, nikitarajia kuambiwa mkandarasi, tenda, mwaka ujao wa fedha. Ukumbi mzima ulijibu kwa sauti moja: "Mwethya!" Kwa mara ya kwanza katika siku mbili sikuwa na swali.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba. Nimekua ndani yake. Mitaro yote ya shamba letu Kanyangi ilichimbwa hivyo, wanawake ishirini au thelathini wakiimba, udongo ukirushwa upande wa juu ili ujenge ukuta wa kushika maji, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Una kanuni zake, na moja ya kanuni hizo haina mjadala: mahali pa kupitisha mtaro huamuliwa na walioshika jembe. Ukikaa nyumbani, unyamaze. Kanuni hii ndiyo huwazuia watu wa maneno mengi kuharibu kazi, na kusema kweli ni kanuni ya busara, ndiyo sababu ilinitesa hivi.

Kwanza tulibishana kuhusu siku. Jumatatu na Alhamisi watu wako sokoni. Jumanne ni vyama vya akina mama. Jumatano jioni kuna ushirika wa maombi, na asubuhi yake watu huwa wanafua. Jumamosi ni mazishi. Jumapili hata usiitaje. Ikabaki Ijumaa, na nilipouliza kama Ijumaa itawafaa majirani wetu Waislamu, mwenyekiti alinitazama juu ya miwani.

"Asubuhi tu," alisema. "Saa sita tumemaliza. Au pia asubuhi ina shida?"

Huyo mwenyekiti ni mama mjane aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Ana mikono ya mtu aliyechimba maisha yake yote, na jicho la kupima mteremko ambalo mhandisi angelilipia. Sote tunamwita mwaitu, yaani mama yetu. Nilibishana naye katika kila kikao na sijawahi kumdharau hata siku moja, jambo ambalo lilikuwa linachosha peke yake.

Tulichimba Ijumaa nne mfululizo. Mwaitu na wenzake walipima kwa kamba, vigingi na chupa ya maji iliyojazwa nusu, na mstari ulionyooka juu ya ule mteremko ulikuwa mzuri hata mimi nikaacha kulalamika. Watu wa kila aina walikuja. Vijana wa bodaboda walikuja na sururu, mwalimu wa hesabu akaja na gambuti mpya akachekwa. Ijumaa ya mwisho tulikuwa tunatoa mdomo wa mtaro, pale maji yatakapomwagikia. Mwaitu alisimama, akageuka kushoto, akaonyesha kwa jembe.

"Tutoe pale. Pako wazi."

Shambani ndivyo ilivyo. Mtaro wa kukata maji unautoa kando, penye nyasi, maji yaende zake. Kila aliyekuwa pale alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Walitazama kushoto wakaona mahali pa wazi, pasipo nyumba, wakaona ni kando ya shamba.

Pale palikuwa ni ua wa jirani yetu. Pako wazi kwa sababu tangi liko chini yake.

Ningependa kusema niliona. Mimi ninayeuliza kila kitu, mimi ninayeteka maji pale kila asubuhi, nilikuwa juu ya kilima nikitazama kutoka upande ambao sijawahi kuutazama, jasho machoni, na nilichoona ni mahali pa wazi. Nikaandika kwenye daftari: mtaro umekamilika. Tukapigwa picha.

Katikati ya Oktoba ilinyesha mvua moja ya mapema, ya muda wa saa moja hivi, alasiri, isiyo na nguvu. Asubuhi yake jirani aligonga dirisha letu. Huniita "abaayo", yaani dada kwa Kisomali, ingawa anaweza kunizaa.

"Abaayo, kuja. Kuja uone kazi yenu."

Uani palikuwa na ulimi wa tope kutoka kwenye ukuta wa nyuma mpaka kwenye mlango wa tangi. Alikuwa ameufungua. Alishusha ndoo, akaivuta, akaimimina mbele ya miguu yangu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa na kitu kingine ambacho pua yangu ilikitambua kabla yangu, kwa sababu juu kule, kati ya kilima na sisi, kuna vyoo vya shimo.

"Haya yalikuwa yatufikishe Novemba," alisema. "Sasa namwaga. Namwaga, nasugua, nangoja mvua ya kweli. Na mvua ya kweli ikija na mtaro wenu uko hivyo, inaingia kinyesi tupu. Halafu Januari watoto wa hii ploti watakunywa nini? Wewe umesoma. Niambie."

Nilienda kuchukua ndoo yetu. Wiki ile tulimwaga maji ya tangi kwa ndoo, yeye, mimi, shangazi na wapangaji wawili, na kila tone lililokuwa limebaki likaenda kwenye mtaro wa barabara, kisha tukalisugua tangi. Kuanzia hapo nyumba kumi na mbili zilinunua maji kwa mikokoteni, na kila mtu alikuwa anatazama mawingu bila kujua aombe yaje au yakae.

Niliitisha kikao cha dharura. Kikao cha dharura kilikaa baada ya siku tisa. Kilifunguliwa kwa sala ambayo, nakiri, ilimtaja jirani yetu kwa huruma. Nikaeleza. Nikasema mdomo wa mtaro uzibwe na mtaro uendelezwe hatua kama hamsini zaidi, upite nyuma ya ua, ushuke kwenye lile shimo la zamani ambalo watu walichimba udongo wa matofali. Kazi ya siku moja.

"Nani anasema hivyo?" aliuliza mwaitu.

"Mwenye tangi anasema."

"Alichimba?"

"Mwaitu, mtaro unamwaga choo ndani ya maji yake."

"Nimesikia na nimesikitika. Nauliza alichimba? Leo tukibadilisha kwa ajili ya mtu ambaye hakushika jembe, kesho mwenye kibanda cha mitumba atataka upite kwingine, kesho kutwa mwenye baa. Utauhamisha mtaro kama kitanda?"

"Hakuchimba kwa sababu tulichagua Ijumaa!" Nilikuwa nimesimama, na sauti yangu haikuwa ya katibu. "Nilisema tangu mwanzo. Tulijua hawatakuja, tukachagua hivyo hivyo, sasa tunawaadhibu kwa kutokuja."

Mzee wa soda akasema, "Hii elimu nayo ina kelele." Watu wakacheka, mvutano ukapungua, na jambo likaahirishwa hadi ofisa wa kaunti atakapokuja kukagua.

Nilienda moja kwa moja kwa jirani nikiwa nimejaa haki. Nilimwambia nimewaambia ukweli, nimewaambia kuhusu Ijumaa. Alikuwa anapima sukari. Hakuacha kupima.

"Ijumaa gani?"

"Ya sala."

"Abaayo, sala ni saa saba. Na mimi ni mwanamke, naenda nikitaka. Ijumaa haikunizuia. Mimi nilikuja."

"Ulikuja wapi?"

"Kwa mtaro. Ijumaa ya pili. Nilikuja na jembe la mume wangu, nimefunga nguo vizuri kabisa. Yule mwalimu mzee, mwenyekiti wenu, akanipokea jembe, akasema hapana, mama, wewe ni mgeni, pumzika. Akasema niletewe kiti. Nikaketi nikanywa chai, nikatazama nyinyi mkichimba. Nilichoka kukaa, nikarudi dukani." Alifunga mfuko fundo. "Na kiti ulileta wewe."

Nilikumbuka papo hapo. Kiti cha plastiki cha bluu. Nilikimbia nacho kutoka kwa shangazi, nikakipangusa kwa mkono, nikajisikia mtu wa kisasa sana, mtu anayekaribisha majirani wa kila dini. Mgeni kwetu hashiki jembe. Hata mimi ninayejifanya kutilia shaka kila desturi sikuitilia shaka hiyo, kwa sababu ilikuwa imevaa heshima.

"Umekaa hapa miaka mingapi?" nilimuuliza.

"Kumi na tisa. Watoto wanne nimezalia hospitali ya hapa hapa mjini. Nangoja mniambie nimefika."

Kikao kilichofuata niliyasema yote hayo, na kiti nikakisema. Nilidhani wataona aibu. Badala yake walikasirika, na walikasirika kwa dhati, kama watu waliotukanwa kwa wema wao.

"Sasa alipokuja, tungemwacha asimame juani?" mama mmoja wa kwaya aliniuliza. "Ungetaka tumpe jembe mgeni wa watu, halafu aseme Wakamba walimtumikisha?"

"Ni mgeni mpaka lini?"

"Aiya! Mimi ndiye niliyemfanya awe mgeni?"

"Basi amepewa chai," alisema mzee wa soda. "Kwani chai ni dhambi?"

Mwaitu peke yake alikuwa ameinamia karatasi zake. Alikuwa anaandika, au anajifanya kuandika. Mwishowe alisema tumsubiri ofisa.

Ofisa alikuja wiki ya pili ya Novemba akiwa na gari jeupe na viatu visivyofaa kupanda kilima. Alitembea kwenye mtaro hatua ishirini hivi, akasema huu ni mfano wa jamii kuongoza yenyewe, akauliza kama tunaweza kusimama pamoja na majembe. Nilimwonyesha mdomo wa mtaro na ua ulioko chini yake. Alisema hilo ni suala la kiufundi na lingeshughulikiwa katika awamu ya pili. Niliuliza awamu ya pili ni lini. Alisema itategemea awamu ya kwanza. Alipoondoka, mashariki palikuwa pamekuwa peusi kama sufuria.

Ilikuwa Jumanne. Asubuhi iliyofuata nilisikia chuma kikigonga jiwe. Nilitoka nje na mswaki mdomoni. Jirani yetu alikuwa juu kule, hijabu ameifunga nyuma ya shingo, sketi ameipandisha juu ya gambuti za mwanawe, anachimba. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa ameanza upande wa shimo la matofali, akipanda kuelekea kwenye mtaro wetu, na kusema kweli alikuwa anachimba vibaya.

Nilichukua jembe la shangazi nikapanda.

"Umekuja kuniletea kiti?" aliniuliza.

"Nimekuja kuchimba."

"Basi chimba, acha kunitazama."

Tulichimba saa nzima na hatukufika popote. Ardhi ile juu ni laini, chini ni mwamba mwekundu. Mikono yangu ya kuandika kumbukumbu ilipasuka. Wafua nguo wa Jumatano walisimama njiani wakatazama, beseni vichwani. Mmoja alimwita mwingine. Haikuchukua muda nikamwona mwaitu akipanda njia, polepole, jembe begani, uso umefungwa.

Nilijiandaa kwa hotuba. Alisimama ukingoni akatazama mtaro wetu mdogo uliopinda.

"Nani alipima hii?"

"Hakuna aliyepima," nilisema.

"Naona." Akamgeukia jirani. "Mama, nipe hilo jembe. Wewe shuka upumzike, tutaona la kufanya."

"La." Hakulegeza mikono. "Safari ile ulinipokea, nikakupa. Leo sikupi."

"Utaumia mgongo."

"Mgongo ni wangu. Tangi pia ni langu."

Walisimama wameshika mpini mmoja, mama wawili, wote wajane, na mimi katikati nikiwa sina maana. Kisha mwaitu akauachia. Alimtazama kwa muda, miguu, gambuti, viganja.

"Unashika karibu sana na chuma," alisema hatimaye. "Shika nyuma. Acha uzito wa jembe ufanye kazi. Hivi unavyochimba ni kama unazika paka."

"Sijawahi kuzika paka."

"Inaonekana. Hata paka angetoka."

Jirani alicheka kwanza. Mwaitu hakucheka, lakini alishuka ndani ya mtaro, akasogeza miguu yake, akaanza kuchimba mbele yake, na baada ya dakika chache wafua nguo waliweka beseni chini. Mtu alileta kamba. Mtu alileta ile chupa ya maji.

Hapo ndipo walipogombana kweli. Mwaitu alitaka mtaro ushuke moja kwa moja nyuma ya ukuta wa ua, ndiyo njia fupi, na chupa ilikubaliana naye. Jirani alisema hapana, upinde juu, uzunguke mwamba, ndipo ushuke.

"Chupa inasema hapa," mwaitu alisema.

"Chupa haijakaa hapa miaka kumi na tisa. Mvua kubwa ikija, maji yanaruka pale kwa mwamba, yanaangukia hapo unaposimama. Yataupiga ukuta mpaka yaingie. Nimeyatazama na tochi, nimeyatazama mchana. Nikikaa dukani hiyo ndiyo televisheni yangu."

"Kuzunguka ni kazi mara mbili."

"Ndiyo."

Kila mtu aliacha kuchimba akamtazama mwaitu. Mama wa kwaya, yule yule, alisema taratibu, bila kumwangalia mtu, "Lakini amechimba."

Mwaitu alipangusa jasho kwa leso. Nilijua anavyochukia kushindwa, kwa sababu ninachukia vivyo hivyo. Akang'oa kigingi, akapanda nacho hatua sita hadi juu ya mwamba, akakipiga chini kwa kisigino cha jembe.

"Haya. Zungukeni."

Tulichimba mpaka alasiri. Hakuna aliyeimba mpaka saa nane, na wimbo ulipoanza ulikuwa wa kanisa, na jirani yetu alichimba kwa mdundo wake bila kuimba, na hakuna aliyemwambia aimbe wala apumzike. Shangazi alileta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kwenye sufuria, tukala tukiwa tumesimama. Mdomo wa zamani tuliuziba kwa mawe na udongo tukaukanyaga kwa miguu. Mimi sikuuliza swali hata moja, si kwa sababu sikuwa nalo, ni kwamba nilikuwa nimechoka.

Mvua ya kweli ilikuja siku tatu baadaye, alfajiri, na ilinyesha mpaka saa tatu kama mtu aliyedhamiria. Nilikaa mlangoni nikisikiliza kilima kikinguruma. Njia ya miguu ilipitisha maji, lakini maji ya mvua tu, si mto. Ilipopungua nilivuka uani nikamkuta jirani ameshafungua mlango wa tangi. Mwaitu alikuwa amefika pia, na wapangaji wengine sita na jerikeni zao, kana kwamba wameitwa. Uani palikuwa na madimbwi na majani. Ulimi wa tope haukuwepo.

Alishusha ndoo. Ilichukua muda mfupi kugusa maji, na hilo peke yake lilitufanya tutazamane. Akaivuta, akainusa, akachota kwa kiganja akaonja, akatema, akaonja tena akameza.

"Ya paa," alisema. "Safi."

Mtu mmoja alisema amina, mwingine alhamdulillahi, na jerikeni zikaanza kugongana kwenye foleni. Mwaitu aliinama akatazama ndani ya tangi kwa muda mrefu, kama anayesahihisha daftari.

Nilidhani tumemaliza. Lakini jirani alikuwa amepanda juu ya ukuta wa nyuma kutazama mtaro, akaanza kupiga kelele. Pale mtaro unapopinda kwenye mwamba, maji yalikuwa yameanza kula ukingo wa chini. Kipande cha udongo cha ukubwa wa meza kilikuwa kimeshaanguka. Mvua nyingine kama hiyo na kona yote ingeondoka.

"Nilisema kona ni hatari," alisema mwaitu.

"Ulisema ni kazi mara mbili. Hukusema hatari."

"Ni hiyo hiyo."

"Si hiyo hiyo! Panahitaji mawe. Makubwa, yale ya juu ya kilima." Aligeuka akanitafuta kwenye foleni. "Wewe katibu! Acha hiyo jerikeni. Leta wilibaro, ulete na wale wa bodaboda, na umwambie mwalimu wa hesabu avae zile gambuti zake. Leo leo, kabla mawingu hayajarudi."

"Leo si siku ya mwethya," nilisema, kwa sababu siwezi kujizuia.

Walinijibu wote wawili kwa pamoja, mmoja kwa Kikamba na mwingine kwa Kisomali, na ingawa lugha moja siielewi, nilielewa yote mawili. Nilienda kutafuta wilibaro.